Laki Nne na Nusu kwa Mistari Mitano: Huduma ya Maombi ya Vyuo vya Marekani Pale Makumbusho

Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba 2025 nilikuwa mteja wa ofisi ndogo ya ushauri wa masomo ya nje, iliyoko ghorofa ya 2 juu ya duka la dawa, hatua chache kutoka kituo cha daladala cha Makumbusho. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko niliyonayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, na sehemu yake wameishughulikia. Ninachotaka kueleza ni huduma yenyewe, hasa kipande kimoja ambacho wazazi wengi hatukijui mpaka tunapokutana nacho: namna ya kuorodhesha tuzo za mtoto katika fomu ya maombi ya chuo cha Marekani. Kwa kifurushi kizima, yaani tuzo, shughuli za nje ya darasa, kusahihishiwa insha na kile walichokiita uthibitishaji wa vyeti, nililipa shilingi 450,000.

Binti yangu Neema alimaliza kidato cha sita Mei 2025, akaenda JKT, na aliporudi Septemba alikuta fomu ya pamoja iitwayo Common App, ambayo vyuo zaidi ya 1,000 huipokea, imekwisha kufunguliwa tangu Agosti 1. Tulikuwa tumechelewa kidogo, na kuchelewa ndiko kulikotupeleka Makumbusho. Laiti tungekuwa na muda, tungeanza na washauri wa EducationUSA, mtandao unaoungwa mkono na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambao hapa Dar es Salaam wanapatikana kupitia ubalozi na ambao maelezo yao ya msingi hayatozwi ada. Namshauri mzazi mwenye nafasi aanzie huko, kisha aamue kama bado ana haja ya kutoa fedha.

Siku ya kwanza tulifika na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti 17, na mimi kwapani nilikuwa na kombe. Kombe hilo Neema alipewa akiwa kidato cha pili, alipokuwa wa kwanza shule nzima, na kwa miaka mitano limekaa juu ya televisheni yetu Mbagala. Dada aliyetupokea, ambaye ndiye mshauri na ambaye mwenyewe amesoma chuo Marekani, alilipokea kwa mikono miwili, akalisoma maandishi yake, akaliweka mezani kwa heshima, kisha akasema, "Hongera sana, Baba Neema. Lakini hili halitaingia." Nilidhani anafanya mzaha.

Hakuwa anafanya mzaha. Fomu hiyo hutoa nafasi 5 tu za tuzo, na kila tuzo hueleza ngazi ya darasa ambayo mwanafunzi alikuwa nayo alipoipata, kuanzia darasa la 9 hadi la 12, pamoja na nafasi ya waliokwisha kumaliza. Mfumo wetu hauna darasa la 9 kwa jina hilo, na hapo ndipo watu wengi hujikoroga. Mshauri alihesabu kurudi nyuma kutoka kidato cha sita: cha sita ni la 12, cha tano ni la 11, cha nne ni la 10 na cha tatu ni la 9. Kidato cha pili kinabaki nje ya mlango, na kombe langu pamoja nacho. Kwa hesabu hiyo vyeti 17 vilipungua mara moja hadi 11, na ninakiri kwamba nusu saa ile ya kwanza ilinifunza kitu ambacho nisingekipata kwa kuisoma fomu peke yangu.

Hatua ya pili ilikuwa kutenganisha tuzo, cheo na ushiriki, mambo matatu ambayo shule zetu huyachapisha kwenye karatasi za aina moja, zenye mihuri ya aina moja na mapambo ya dhahabu pembeni. Neema alikuwa kiranja wa taaluma na mwenyekiti wa klabu ya kemia, na kwa vyote viwili alipewa vyeti siku ya mahafali. Kwangu hizo zilikuwa tuzo. Kwa mshauri zilikuwa kazi alizofanya, na mahali pake ni kwenye orodha ya shughuli, ambako fomu inatoa nafasi 10 na maelezo yasiyozidi herufi 150 kwa kila moja. Cheti cha semina ya ujasiriamali, ambacho kila aliyeketi hadi saa ya chakula alipewa, hakikuwa tuzo wala kazi, na kilirudi katika bahasha pamoja na kile cha usafi wa bweni. Chemsha bongo ya vijana wa kanisani ilijadiliwa kwa muda mrefu, kwa kuwa Neema kweli alishinda, lakini mshindani alikuwa mmoja.

Kisha akatoa daftari la hesabu lenye miraba. Kila mstari wa tuzo katika fomu hauzidi herufi 100, na katika hesabu hiyo nafasi kati ya maneno na vituo vimo. Basi alimchorea Neema boksi la miraba 100, akampa penseli na ufutio, akamwambia aandike kila tuzo kwa Kiingereza, herufi moja kwa mraba mmoja, kama mtu anayejaza fomu ya benki. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia. Cheti cha kwanza kilikuwa cha mpira wa wavu: timu yao ya wilaya ilishika nafasi ya pili katika UMISSETA ngazi ya mkoa. Neema alianza na neno UMISSETA, likala miraba 8. Mshauri alimuuliza, "Mtu aliyeko Ohio akisoma neno hili, anapata nini?" Neema alifikiri, akachukua ufutio. Neno likaondoka, na mahali pake pakaja michezo ya shule za sekondari. Kisha mshauri akauliza mkoa wenyewe una watu wangapi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa msomaji wa mbali, anayeweza kudhani mkoa ni mji mdogo wa pwani, takwimu hiyo ina uzito kuliko jina la mashindano. Mwishowe mstari ulisema: nafasi ya pili, mpira wa wavu wa wasichana, mashindano ya shule za sekondari ya Mkoa wa Dar es Salaam, mkoa wenye watu milioni 5.4. Kwa Kiingereza ulijaza miraba 99. Neema alihesabu mara mbili kwa ncha ya penseli, akacheka.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya fedha yangu. Cheti chetu huandikwa kwa ajili ya mtu anayetujua: mgeni rasmi, mkuu wa shule, mzazi aliyevaa suti kwenye hema siku ya mahafali. Hakisemi mtoto alishindana na wangapi wala alifanya nini hasa, kwa kuwa waliokuwepo wote walijua. Msomaji wa ofisi ya udahili hakuwepo. Kwa hiyo tuzo ya kwanza katika kemia haikuandikwa kwa maneno matamu ya cheti, ambayo yalizungumzia bidii, nidhamu na mwenendo mwema, bali kama nafasi ya kwanza kati ya wanafunzi 142 wa kidato cha nne. Idadi hiyo tulilazimika kumpigia simu mwalimu wa taaluma wa shule yake ya zamani ili tuipate, na mwalimu, Mungu ambariki, aliitoa daftarini siku hiyo hiyo.

Jambo moja tulibishana, na mpaka leo sijakubali moja kwa moja. Neema alipata Daraja la Kwanza la pointi 7 katika mtihani wa kidato cha nne, yaani A katika masomo saba yanayohesabiwa, alama ya juu kabisa inayowezekana. Nilitaka iwe tuzo namba moja. Mshauri alisema matokeo ya mtihani yana sehemu yake katika fomu, na barua ya shule inaweza kueleza pointi 7 maana yake nini. Kuyarudia kwenye tuzo ni kupoteza nafasi moja kati ya tano. Hoja yake ina mantiki, lakini kwa mwanafunzi ambaye barua ya shule yake imeandikwa na mwalimu mwenye barua arobaini za kuandika, sina hakika kwamba mtu wa mbali ataelewa kuwa kwetu pointi ndogo ndiyo kubwa. Ingekuwa miaka ya nyuma, huenda tungekuwa na kitu kingine cha kuandika, maana Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza watahiniwa kumi bora kitaifa na magazeti yakichapa picha zao. Matokeo ya Neema yalitoka Januari 2023, na ni hapo hapo NECTA iliposimamisha utaratibu wa kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Sababu zake nazielewa, na kama mzazi naziunga mkono kwa sehemu kubwa, lakini maana yake ni kwamba mtoto aliyefanya vizuri kuliko wenzake leo hana karatasi yoyote inayosema hivyo kwa ngazi ya taifa, na hapaswi kujitungia moja.

Kujitungia ndiko kulikoharibu siku ya pili. Mshauri hakuwepo, na tuliachwa na kijana wa kuingiza taarifa, mwenye adabu na mwepesi wa vidole, ambaye alitufungulia orodha aliyokwisha kuijaza kwenye kompyuta. Mpira wa wavu ulikuwa umepanda kutoka ngazi ya mkoa hadi ya kitaifa. Nilipouliza, alijibu kwa utulivu kwamba UMISSETA ni mashindano ya taifa, kwa hiyo aliyecheza UMISSETA amecheza taifa. Ni kweli kwamba mashindano yana fainali za kitaifa, lakini timu ya Neema iliishia mkoani, na fomu inauliza tuzo ilitolewa katika ngazi gani: shule, jimbo au mkoa, taifa, au kimataifa. Nafasi ya pili ilitolewa na mkoa. Basi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilionekana kama sifa. Akiwa kidato cha tano Neema alipeleka insha katika Mashindano ya Insha ya Malkia ya Jumuiya ya Madola, ambayo yalianza mwaka 1883, akapata tuzo ya Shaba. Kijana alikuwa ameandika kwamba alishika nafasi ya tatu duniani. Nilipoisoma moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha Neema akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, Shaba wanapewa wengi." Ndivyo ilivyo: katika mashindano hayo Dhahabu, Fedha na Shaba ni madaraja ya ubora wa insha, na kila daraja lina waandishi wengi kutoka nchi nyingi, washindi wenyewe wa kundi la wakubwa na la wadogo hutangazwa mbali na madaraja hayo. Tuzo ni ya kimataifa na ni ya haki yake, lakini nafasi ya tatu duniani si yake, na mtu yeyote wa udahili aliyewahi kuyasikia mashindano hayo angeutambua uongo huo kwa jicho moja. Kabla ya kutuma fomu mwombaji hutia sahihi kwamba yote aliyoyaandika ni yake na ni ya kweli, na chuo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Anayetia sahihi ni mtoto. Ofisi haitii sahihi popote.

Nilimwomba kijana aniitie mkuu wake. Mkuu alikuja, akatuagizia soda, akaeleza kwamba wateja wengi hupenda orodha ipandishwe daraja kidogo na kwamba ushindani ni mkubwa. Sikuitaka soda. Nilimwambia kwamba mimi ni mhasibu, na kwamba katika kazi yangu kupandisha daraja kidogo kuna jina lake. Kwa haki yake niseme hakubisha sana. Alirekebisha mistari yote miwili mbele yetu, na wiki iliyofuata mshauri alitupigia kuomba radhi, akaongeza saa moja bila malipo. Hata hivyo najiuliza ni wazazi wangapi walioisoma orodha kama ile, wakafurahi kama nilivyofurahi mimi kwa sekunde zile mbili, wakaenda zao.

Kasoro nyingine ni ndogo zaidi. Kiolezo chao cha sehemu ya maelezo ya ziada bado kilisema maneno 650, wakati kwa mwaka huu wa maombi fomu imepunguza hadi 300. Neema alikwisha kuandika maneno zaidi ya 500 kuhusu shule yake isiyo na maabara ya kutosha, akalazimika kukata karibu nusu usiku mmoja. Uthibitishaji wa vyeti, ambao ndani ya kifurushi ulikuwa na thamani ya shilingi 80,000, ulihusisha kuvipeleka vyeti vyote kwa wakili vigongwe muhuri, kisha kuviskani kwa rangi. Sehemu ya tuzo haina mahali pa kuambatanisha cheti hata kimoja. Vyuo vikitaka ushahidi vitauomba, na kwa kawaida vitapitia shuleni. Nilipodai fedha hiyo nilirudishiwa shilingi 50,000, na muhuri wa wakili sasa unapamba cheti cha usafi wa bweni.

Vilevile kifurushi kinauzwa kana kwamba orodha moja inafaa kila mahali, jambo ambalo si kweli. Chuo cha MIT kina fomu yake chenyewe, na mfumo wa Chuo Kikuu cha California nao una yake, ambako tuzo na shughuli huchanganywa katika orodha moja yenye nafasi hadi 20. Aliyejifunza kubana tuzo katika herufi 100 atakuwa na nafasi ya kupumua huko, lakini lazima aandike upya. Hili mshauri alilijua na alilieleza vizuri. Karatasi ya matangazo pale mapokezi hailisemi.

Kikao cha mwisho, ile saa ya bure, kilihusu mpangilio. Mshauri alitaka tuzo yenye uzito ianze, bila kujali ilipatikana lini. Shaba ya Jumuiya ya Madola ikawa ya kwanza, ikitajwa kama daraja la tuzo na mwaka wa kuanzishwa kwa mashindano, ili msomaji aone kwamba si shindano la juzi. Ya pili ikawa maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo Neema na mwenzake walichaguliwa kuonyesha mradi wao wa kupima chumvi katika maji ya visima vya mtaani kwetu. Hawakushinda kitu, na mimi ningeuacha, lakini mshauri alieleza kwamba kuchaguliwa kwenyewe kulipitia mchujo, na mstari ukasema hivyo bila kuongeza neno: wamechaguliwa kuonyesha. Wavu ukawa wa tatu, kemia ya nne. Nafasi ya tano ilibaki kwa tuzo ya mwanafunzi bora wa PCB kidato cha tano, na hapo Neema mwenyewe ndiye aliyekataa kuandika herufi PCB, akazifuta na kuandika fizikia, kemia na baiolojia. Miraba ilitosha. Mshauri hakusema kitu. Alimsogezea tu biskuti.

Je, huduma ina thamani ya shilingi 450,000? Kama kifurushi, hapana. Saa nne za mshauri yule, hapo ndipo zilipo shilingi zako, na nilipouliza nikaambiwa kwamba kikao kimoja kinaweza kununuliwa peke yake kwa shilingi 60,000, ingawa bei hiyo haimo kwenye karatasi ya mapokezi. Vikao viwili vingetutosha: kimoja cha kuchambua vyeti na kimoja cha kuandika mistari. Kusahihishiwa insha kulikuwa kwa kawaida tu, na kujaza fomu mtoto wa kidato cha sita anaweza mwenyewe, tena kwa umakini kuliko mtu anayejaza fomu za watoto ishirini kwa siku.

Maombi ya Neema yametumwa na majibu bado. Kwa hiyo sitawapa ofisi sifa wala lawama kwa jambo ambalo halijatokea. Wanafungua saa 3 asubuhi, na Jumamosi hufunga saa 8 mchana. Mshauri yupo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi; ukifika siku nyingine utapewa kijana. Omba kikao peke yake, omba orodha uisome kwa sauti kabla haijaingia kwenye fomu, na mtoto awepo. Beba vyeti halisi kuanzia kidato cha tatu, namba ya simu ya mwalimu wa taaluma na daftari la miraba. Kombe liache nyumbani.